Majani ya mpunga, urea na maziwa yanayoshuka kiangazi

"Habari za kazi, daktari. Nafuga ng'ombe wawili chotara wa maziwa, nawafungia ndani, hapa Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mmoja alizaa mwezi wa 4, mwingine ana mimba ya miezi 5. Huyu aliyezaa alinipa hadi lita 11 kwa siku, lakini sasa mwezi wa 8 tumefika lita 5. Majani ya kihambani, shamba letu la nyumbani, yamekwisha. Nalisha mabua ya mahindi ya shamba la chini, vipande vya mgomba na majani makavu ya mpunga ninayonunua Mabogini, huko tambarare. Haya ya mpunga wanayanusa tu, halafu wanayalalia. Jirani ananiambia ninyunyizie mbolea ya urea na molasi juu yake, watakula na maziwa yatapanda. Lakini mwaka juzi ng'ombe wa ndugu yetu alikufa baada ya kulamba mbolea hiyohiyo. Mama mkwe yeye anasema nitumie magadi. Nimsikilize nani? Na maziwa yake yatanyweka? Nina ndama pia, wa miezi 4."

Salama, dada yangu, na pole na kiangazi. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: usinyunyize urea juu ya majani ukampa ng'ombe siku hiyohiyo, iwe na molasi au bila molasi. Kama umeshachanganya, yaondoe horini leo na uyapeleke mahali ambapo hakuna mnyama anayeweza kuyafikia. Mengine tuyazungumze taratibu.

Kabla ya kuyageukia majani, tumtazame kwanza ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe aliyezaa mwezi wa 4 hawezi kutoa mwezi wa 8 maziwa yaleyale, hata ungemlisha majani ya masika. Maziwa hufika kilele kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 baada ya kuzaa, kisha hupungua kidogo kila mwezi. Kutoka lita 11, mimi ningetegemea leo awe kwenye 8 hivi. Kwa hiyo kati ya lita 6 unazozililia, karibu nusu zimeondoka kwa njia ya kawaida na hazirudi mpaka azae tena. Hiyo nusu nyingine ndiyo ya kutafuta. Nakuambia hivi mapema kwa sababu nimeona watu wakiacha njia nzuri kabisa ya kulisha, eti haikurudisha lita ambazo hakuna chakula ambacho kingezirudisha.

Halafu, kesho asubuhi, kamulia mikamuo ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe ulichofunika kwa kitambaa cheusi. Ukiona mabonge, majimaji au damu, hilo ni tatizo la kiwele, na urea haina kazi hapo. Mpime joto pia, au mwite afisa mifugo ampime, maana ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, nayo hushusha maziwa kabla haijajionyesha kwa macho. Kama kiwele ni kizima na joto liko sawa, hapo ndipo tuseme ni njaa.

Na njaa yenyewe ni ya ajabu kidogo, kwa sababu tumbo la ng'ombe wako limejaa. Ng'ombe hasagi majani makavu kwa nguvu ya tumbo lake. Ndani ya rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, kuna bakteria wasiohesabika, nao ndio wanaoyala majani. Yeye anaishi kwa kile wanachokiacha na kwa miili yao wenyewe inaposukumwa kwenda mbele. Tunaposema tunalisha ng'ombe, kwa kweli tunalisha bakteria hao, na wao wanahitaji naitrojeni ili waongezeke. Chakula chenye protini chini ya sehemu 7 hivi kwa 100 huwadhoofisha. Majani makavu ya mpunga yana sehemu 3 hadi 5 tu. Basi kazi inakwenda polepole, majani yanakaa rumeni siku nyingi bila kumeng'enywa, tumbo halitoi nafasi, na ng'ombe anaacha kula. Anapoyanusa na kuyalalia hakudharau. Ameshiba kitu kisichomlisha.

Kuna na kizuizi cha pili. Sukari ya kuwalisha bakteria imo kwenye majani ya mpunga, tena nyingi, lakini imefungwa. Nyuzinyuzi zake zimegandishwa na lignini, ile inayoufanya mti uwe mti, na juu yake mpunga unajipaka silika, kitu cha jamii ya mchanga. Pitisha kidole ukingoni mwa jani la mpunga, utahisi linakwaruza. Hiyo ndiyo silika. Ng'ombe mwenye meno mazuri na rumeni nzima hupata chini kidogo ya nusu ya kile alichokula. Kilichobaki kinakwenda kwenye samadi.

Sasa nije kwa mama mkwe wako, maana yeye yuko karibu zaidi na ukweli kuliko anavyodhani mwenyewe. Mnapopika maharage makavu, kwa nini mnatia magadi? Kwa sababu magadi ni alkali, na alkali hulegeza vile vifungo vinavyoshikilia ganda na nyama ya harage, likaiva haraka. Kwenye jani la mpunga au bua la mahindi jambo ni hilohilo. Alkali hukata vifungo kati ya lignini na nyuzinyuzi, jani linavimba, linalainika, na bakteria wanapata pa kuingilia. Wajerumani walilisoma jambo hili kwa bidii walipobanwa na njaa ya nafaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mkemia wao Ernst Beckmann aliandika mwaka 1921 namna ya kuloweka majani makavu kwenye soda kali. Hata hapa kwetu, walimu wa kilimo wa Morogoro walijaribu alkali kwenye mabua na magunzi ya mahindi tangu kabla chuo chao hakijawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) mwaka 1984. Kwa hiyo wazo la mama mkwe ni la kisayansi kabisa, mwambie hivyo kwa heshima.

Ila sikushauri ulitumie, na sababu ni mbili. Magadi hulegeza jani lakini hayaleti naitrojeni hata chembe, kwa hiyo bakteria watafunguliwa mlango na kuingia wakiwa bado na njaa yao. Pili, yanatakiwa mengi, si kijiko kile cha chunguni, na chumvi yake ya sodiamu haipotei. Ng'ombe anakunywa maji mengi, anakojoa sana, na mkojo unakwenda kwenye samadi, na samadi inakwenda kwenye migomba na kahawa yako. Msimu mmoja hutaona kitu. Misimu mingi ya kulimbikiza sodiamu kwenye kihamba kidogo, mimi naiogopa.

Urea hufanya kazi zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana jirani yako ameisikia mahali. Alichokosa ni hatua ya katikati. Urea yenyewe si alkali kali. Lazima kwanza igeuke amonia, na amonia ndiyo inayolegeza jani. Unaifahamu tayari: ni ile harufu inayokuchoma pua na kukutoa machozi unapofungua banda alfajiri, kwa sababu mkojo wa ng'ombe una urea na usiku kucha imekuwa ikigeuka. Ukilowesha majani makavu kwa maji ya urea na kuyafungia pasipo hewa, vimeng'enya vilivyomo kwenye majani na vijidudu vyake huigeuza urea kuwa amonia polepole, siku baada ya siku. Amonia inapenya, inalegeza, na sehemu yake inabaki imeshikamana na jani kama naitrojeni ya bakteria. Majani yaliyoingia na protini ya sehemu 4 hutoka na 7, 8, hata zaidi, na ng'ombe anaweza kula robo zaidi ya alivyokuwa akila, pengine hata theluthi.

Ukiinyunyiza na kumpa papo hapo, mgeuko huo wote unatokea ndani ya tumbo lake kwa mara moja. Amonia inafurika rumeni, inaingia kwenye damu, ini linashindwa kuisafisha, na inapofika kwenye ubongo mnyama anaanza kutetemeka. Konzi mbili tatu za urea zinaweza kumuua ng'ombe mwenye njaa ambaye hajazoea, na haichukui siku nzima. Mara nyingi dalili huanza kati ya dakika 20 na saa moja. Ndivyo alivyokufa ng'ombe wa ndugu yenu. Na molasi hapo haimkingi sana. Inafanya tu mbolea iwe tamu kulamba.

Basi njia sahihi ni hii, na vipimo vyake vishike kama unavyoshika kipimo cha dawa: kwa kila kilo 100 za majani makavu, kilo 4 za urea na ndoo 3 za maji za lita 20. Pima kwa mizani. Robota la majani ya mpunga la leo si sawa na la jana, na jicho hudanganya kwenye kitu chepesi kama hicho.

Anza na kilo 100 tu, za kujifunzia. Chimba shimo la meta 1 kwa meta 1, kina meta 1, mahali palipoinuka ambapo maji ya mvua hayatuami, mbali na watoto na kuku. Litandike karatasi ya nailoni isiyo na tundu, chini na pembeni, ikibaki ya kutosha kufunikia juu. Yeyusha kilo zote 4 za urea kwenye pipa lenye ndoo zako 3, ukikoroga mpaka chembe zisionekane. Hapa wengi wanakosea. Chembe isiyoyeyuka inakwenda kukaa chini kama kokoto, na siku moja ng'ombe ataikuta. Katakata majani urefu wa kidole hivi kama una panga na nguvu, kwa sababu yaliyokatwa hushindiliwa vizuri. Tandaza tabaka la unene wa shubiri moja, nyunyizia maji ya urea kwa kopo lenye matundu, kanyaga, weka tabaka jingine. Gawa maji kwa usawa ili yasiishie kwenye tabaka za chini. Na kanyaga kwelikweli, hasa pembezoni, kwa sababu hewa inayobaki ndiyo inayoleta ukungu. Mwisho kunja nailoni, funika udongo na mawe, ziba kila mahali.

Molasi usiitie humo. Majani yenye sukari nyingi yakifungiwa na amonia hutengeneza sumu inayomfanya mnyama apandwe na wazimu, akimbie ovyo na kujigonga, na ndama huipata kupitia maziwa ya mama yake. Kwa sababu hiyohiyo usiweke majani mabichi wala hei nzuri. Dawa hii ni ya majani yaliyokauka na kuchoka. Molasi, kama unaipata ya kiwanda cha sukari cha TPC hapo chini kwa bei nzuri, ina nafasi yake baadaye, siku ya kulisha: nusu kilo iliyochanganywa na maji.

Vitabu vingi vinasema siku 21. Kwa joto la Mabogini, sawa. Kwako juu, mwezi wa 8 na ukungu ule wa asubuhi, mimi nasema siku 28, kwa sababu amonia hufanya kazi polepole kwenye baridi.

Nitakueleza utakachokiona siku ya kufungua, maana ndicho kipimo chako. Simama upande upepo unakotoka, inua nailoni upande mmoja, usiinamishe uso. Harufu iliyokwenda sawasawa inakurudisha nyuma hatua mbili. Majani yaliyoingia rangi ya manjano mepesi yatakuwa yametoka kahawia, kama maganda ya karanga zilizokaangwa. Chukua kiganja kimoja, kipinde: majani makavu ya mpunga yasiyotiwa urea yangekatika na kukuchoma vidole, haya yanajipinda kama kamba iliyolowa. Huo ulaini ndio tuliokuwa tunautafuta.

Kama hakuna harufu ya kuchoma, hewa iliingia au urea haikugeuka, na hilo la pili ndilo la hatari kwa sababu urea bado imo humo ikiwa nzima. Usilishe. Shimo la kwanza nililowahi kusimamia nilifunika kwa nailoni ya zamani yenye matundu, nikijiambia ni madogo. Tulipolifungua kulikuwa na ukungu mweupe kama pamba kwenye theluthi nzima ya juu, na harufu ya uyoga. Yule mzee mwenye ng'ombe aliangalia, hakusema neno, akaenda kukata mgomba. Nilimlipa urea yake, lakini majani ya msimu hayalipiki. Yenye ukungu hayapewi ng'ombe wa maziwa kamwe. Aina nyingine za ukungu hutoa sumukuvu, na sumukuvu hupita mpaka kwenye maziwa; mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Usitegemee kuwa urea itayasafisha.

Majani yaliyoiva toa kila jioni kiasi cha kesho, yatandaze kivulini usiku kucha amonia iliyozidi iondoke, kisha funga shimo. Siku ya kwanza mpe kiasi kidogo ukichanganya na mabua anayoyajua, robo ya mlo wake tu, ongeza kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14. Rumeni inahitaji muda huo. Asipewe akiwa na njaa kali, na maji yawepo wakati wote. Akizoea, kilo 6 kwa siku kwa kipimo cha majani makavu zinatosha kwa ng'ombe wako mmoja, yaani kama kilo 10 yakishalowa. Kwa hesabu hiyo mfuko 1 wa urea wa kilo 50 unatengeneza kilo 1,250 za majani, na ng'ombe wako wawili watakula zaidi ya siku 100. Ukiamua kuendelea baada ya lile shimo la majaribio, chimba mawili ya meta za ujazo 4 kila moja, na kila moja litachukua kilo 350 hadi 400. Unalisha moja wakati jingine linaiva.

Maziwa yatanyweka. Naitrojeni inayobaki kwenye majani hutumiwa na bakteria wa rumeni, na ng'ombe mwenyewe kila siku hurudisha urea tumboni kupitia mate yake. Si kitu kigeni mwilini mwake. Ila maziwa hushika harufu upesi, kwa hiyo kamua kwanza, ndipo ulete majani horini.

Ndama wako wa miezi 4 asiguse. Rumeni yake bado changa. Subiri apite miezi 6. Nguruwe, kuku na punda hawapewi kabisa, kwa sababu hawana rumeni. Yule mwenye mimba anaweza kula, lakini akifikisha mimba ya miezi 7 umkaushe na umwongezee chakula bora, maana miezi miwili ya mwisho ndiyo ndama anapokua kwa kasi tumboni.

Sasa nikuambie na upande ambao sisi wataalamu hatupendi kuusema. Njia hii inajulikana Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 40 na ukipita leo kwenye vihamba, wanaoitumia utawahesabu kwa vidole. Si kwa ujinga wa wafugaji. Mwaka mmoja, baada ya kueleza vipimo hivi mbele ya akina mama, mmoja aliniuliza kwa upole, "Na hayo maji, daktari, nani anayachota?" Sikuwa na jibu. Shimo la kilo 400 linataka ndoo 12, lina nailoni ya kununua, na siku nzima ya kazi ya watu wawili. Kama maji kwako ni ya kubeba kichwani kutoka bondeni, au unanunua majani kilo 200 tu kwa msimu mzima, usijisumbue. Yako mambo mengine ya kukupa faida zaidi kwa jasho dogo, na ningekuomba uyafanye kwanza hata kama utachimba shimo.

La kwanza ni mabua ya mahindi. Hayo usiyatie urea. Kwenye mahindi kilicho chakula ni jani na lile ganda linaloshika bua. Bua lenyewe ni gumu na halina kitu. Ng'ombe analijua hilo, ndiyo maana anachagua. Mwache achague. Watu wengi hugombana na ng'ombe, wakimpa mabua machache ili amalize yote, na hapo wanamlazimisha ale kuni. Mpe mengi, karibu mara mbili ya anachokula, aokote majani, na vijiti vinavyobaki vitandike bandani walalie, vikishalowa mkojo vinakwenda kwenye migomba. Hakuna kilichopotea. (Mpunga ni kinyume chake: jani lake lina silika nyingi kuliko shina, kwa hiyo kuchagua hakumsaidii, na ndiyo sababu dawa ya urea inaufaa mpunga zaidi.) Na mabua yakatwe mara tu mahindi yanapovunwa. Yakisimama shambani mwezi mzima, majani yanapeperuka, mchwa wanachukua chao, na wewe unalipa gari kupandisha vijiti kutoka tambarare. Yahifadhi juu ya uchanja, chini ya paa.

Mgomba endelea nao, lakini ujue unachompa: zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ni maji. Kiangazi maji hayo yana thamani, yanamsaidia kuteremsha makavu. Protini hakuna. Ng'ombe anayekula mabua na mgomba peke yake anakula ukame juu ya maji.

Na hapa ndipo penye uzito wa jibu langu lote. Majani ya mpunga, hata yakitoka shimoni laini na kahawia kama nilivyoeleza, hushikilia mwili wa ng'ombe usikonde. Maziwa yanatoka kwenye kile unachokiongeza juu yake. Kwa shimo peke yake ningetegemea lita 1 hivi, pengine chini ya hapo. Kwa nyongeza nzuri, zaidi. Kama fedha inatosha jambo moja tu mwezi huu, nunua mashudu ya alizeti kabla ya nailoni. Mchanganyiko ambao nimeuona ukifanya kazi kwenye nyumba nyingi ni wa pumba za mahindi kilo 70, mashudu ya alizeti kilo 27, madini ya mifugo kilo 2 na chumvi kilo 1. Huyu wa lita 5 mpe kilo 3 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni wakati wa kukamua, na uandike maziwa kwenye daftari kila siku kwa wiki mbili. Maziwa yakipanda kuliko gharama ya pumba, ongeza kilo 1. Yasipopanda, rudi pale ulipokuwa. Madini usiyaruke, hasa unapolisha mpunga: una oksaleti zinazoshika kalisiamu, ng'ombe asiipate.

Kuna na nyongeza isiyonunuliwa. Una miti ya malisho, lusina au kaliandra, kwenye mpaka? Kwa baridi ya huko juu kaliandra ndiyo itakayokustawia vizuri zaidi. Kilo 3 za majani yake mabichi hufanya kazi ya karibu kilo 1 ya chakula cha dukani. Mpe yangali mabichi, yakikauka hupungua nguvu. Lusina ni nzuri vilevile, ila isizidi theluthi ya chakula chote, kwa sababu ina mimosini, ambayo ikizidi inamdhuru mnyama. Na mabaki ya maharage mnayopura shambani usiyachome moto. Majani na maganda yale makavu yana protini kuliko majani makavu ya mpunga yasiyotiwa dawa, na hayahitaji urea.

Kwa shimo la kwanza, mwombe afisa mifugo wa kata awepo siku mbili: siku ya kupima na siku ya kufungua. Usione haya kumsumbua, ni kazi yake. Na yeyote anayelisha nyumbani kwako, hata kijana wa kibarua, azijue dalili hizi: ng'ombe anatetemeka ngozi, anatoa povu, anayumba, tumbo linajaa upande wa kushoto, analia bila sababu, muda mfupi baada ya kula. Hapo ondoa chakula chote na piga simu kwa daktari wa mifugo kabla ya kufanya lingine. Wakati unamsubiri, kama ng'ombe bado amesimama na anameza vizuri, mnyweshe siki ya kawaida lita 3 hadi 4 iliyochanganywa na maji baridi mengi, taratibu, kichwa kisiinuliwe sana yasije yakaingia mapafuni. Siki huitia amonia uchachu isipenye kwenye damu, na maji baridi hupunguza kasi ya urea kugeuka. Akishaanguka au kupoteza nguvu usimnyweshe kitu. Daktari atapitisha mpira mpaka tumboni. Chupa za siki ziwepo nyumbani kabla hujachimba, zimewekwa mahali zinapojulikana. Ukikuta duka la chini lina chupa mbili tu, ahirisha shimo mpaka zifike za kutosha.